Maadhimisho kama Usimulizi: Miaka Sitini ya Tamthilia ya Doctor Who

Utangulizi

Tamthilia ya runinga ni utanzu ambao mhakiki wa fasihi ya Kiswahili aghalabu huupitia kwa haraka akielekea kwingine. Huandikwa na watu wengi, haina mwisho ulio wazi, na mara nyingi hutungwa wiki baada ya wiki ili kujaza nafasi katika ratiba. Sifa hizi ndizo zinazoifanya itatize nadharia za msuko zilizozoeleka, kwani nadharia hizo huichukulia kazi ya fasihi kuwa kitu kilichokamilika, chenye mwanzo, kati na hatima. Je, kazi isiyo na hatima hujikumbuka vipi? Makala haya yanalishughulikia swali hilo kwa kuangalia mfano mmoja, yaani Doctor Who, tamthilia ya bunilizi ya kisayansi iliyoanza kuonyeshwa na shirika la BBC la Uingereza mwaka 1963, na ambayo ina desturi ya kuadhimisha siku yake ya kuzaliwa kwa kutunga hadithi mpya kuihusu nafsi yake. Hoja inayoshikiliwa hapa ni kwamba maadhimisho hayo yanapita sherehe. Ni mahali ambapo tamthilia huamua ni kipi katika historia yake kikumbukwe na kipi kisahaulike, na uamuzi huo hufanywa huku sehemu kubwa ya kumbukumbu yenyewe ikiwa imekwisha kuteketezwa na mwenye mali.

Kwa msomaji asiyeifahamu tamthilia hii, mhusika mkuu ni msafiri asiyetajwa kwa jina ambaye huitwa Daktari, basi. Ana umbo la binadamu ingawa si binadamu. Anatoka katika sayari ya Gallifrey, kwa jamii inayojiita Mabwana wa Wakati, naye husafiri katika wakati na anga kwa chombo kiitwacho TARDIS, ambacho kwa nje ni kibanda cha simu cha polisi wa Uingereza wa zamani, na kwa ndani ni kikubwa kuliko kibanda. Ikumbukwe kwamba waandishi wa mwanzo hawakuwa wameyawaza mengi ya haya. Jina la Mabwana wa Wakati lilisikika mara ya kwanza mwaka 1969, na la Gallifrey katika hadithi iliyoanza kuonyeshwa mwishoni mwa 1973. Ukoo wa mhusika huyu umetungwa nyuma yake, akiwa tayari yumo safarini.

Novemba 1963

Sehemu ya kwanza, An Unearthly Child, iliyoandikwa na Anthony Coburn, ilionyeshwa jioni ya Jumamosi tarehe 23 Novemba 1963. Siku moja kabla, Rais John F. Kennedy wa Marekani alikuwa ameuawa mjini Dallas, na masikio ya watu yalikuwa kwenye taarifa za habari. Watazamaji walikadiriwa kuwa milioni 4.4. Wiki iliyofuata, tarehe 30, BBC iliirudia sehemu hiyo kabla tu ya kuonyesha ya pili. Inaweza kusemwa kwamba tamthilia hii ilianza maisha yake kwa kujirudia. (Wakati huo Kenya ilikuwa imebakisha siku 12 kupata Uhuru, jambo ambalo halikuihusu tamthilia yenyewe hata kidogo, lakini litakuja kuwa na mwangwi wake katika maadhimisho ya mwaka 1988.)

Waasisi wake hawakuwa watu waliotarajiwa kushika usukani katika taasisi kama ile. Sydney Newman, mkuu wa idara ya drama aliyeasisi wazo, alikuwa Mkanada. Produsa, Verity Lambert, alikuwa mwanamke wa miaka 27 katika kazi iliyotawaliwa na wanaume. Waris Hussein, aliyeongoza hadithi ya kwanza, alizaliwa Lucknow, India, na alikuwa na umri wa miaka 24. Muziki wa utangulizi ulitungwa na Ron Grainer, lakini aliyeupa sauti yake ya ajabu ni Delia Derbyshire, aliyekata na kuunganisha vipande vya kanda za sauti kwa mkono katika karakana ya BBC. Newman alitaka kipindi cha kuwafunza watoto historia na sayansi, wala hakutaka mazimwi. Lambert akayaruhusu mazimwi. Viumbe waitwao Dalek, waliobuniwa na mwandishi Terry Nation, waliingia Desemba mwaka huohuo, na bila wao huenda pasingekuwa na siku yoyote ya kuadhimisha.

Aliyeigiza Daktari wa kwanza ni William Hartnell. Kufikia 1966 afya yake ilikuwa imezorota, na waandaaji wakafanya jambo ambalo mwanafunzi wa fasihi simulizi halimshangazi. Walimbadilisha fanani na kuibakiza hadithi. Mwishoni mwa The Tenth Planet, mwezi Oktoba 1966, mzee yule alianguka sakafuni katika chombo chake, akajivua mwili kama nyoka ajivuavyo gamba, na aliyeinuka alikuwa mwigizaji mwingine, Patrick Troughton. Sungura wa ngano zetu amesimuliwa kwa vinywa visivyohesabika na akabaki Sungura. Tofauti ni kwamba Doctor Who iliufanya mpito kutoka kinywa hadi kinywa kuwa tukio ndani ya ngano, lenye uchungu wake na hofu yake.

Kanda zilizofutwa

Kabla ya kuyajadili maadhimisho yenyewe, ni muhimu kueleza kilichokuwa kikitendeka katika maktaba ya BBC. Kanda za video za miaka ya sitini zilikuwa ghali na ziliweza kutumika tena. Mikataba na waigizaji ilizuia vipindi kurudiwa mara nyingi, na hakuna aliyewazia kwamba siku moja watu wangenunua tamthilia na kuiweka nyumbani. Hivyo basi, kati ya mwisho wa miaka ya sitini na mwaka 1978, kanda zilifutwa ili zirekodiwe mambo mengine, na nakala za filamu zilizotengenezwa kwa ajili ya kuuzwa ng'ambo zikaharibiwa baada ya muda wa mauzo kwisha. Tamthilia ilikuwa na sehemu 253 katika miaka yake sita ya kwanza. Baada ya miongo ya kutafuta, mwaka 2013 ulipokwisha, sehemu 97 kati ya hizo zilikuwa bado hazijulikani ziliko.

Moja ya zilizopotea ni ile ya mwisho ya The Tenth Planet, yaani sehemu yenye mageuzi ya kwanza kabisa ya Daktari. Sekunde za mageuzi yenyewe, hata hivyo, zipo. Mwaka 1973 kipindi cha watoto cha BBC kiitwacho Blue Peter kiliizungumzia tamthilia hii ilipokuwa ikitimiza miaka kumi, kikaonyesha kipande hicho, na kwa kuwa kanda ya Blue Peter ilihifadhiwa, kipande kikahifadhika ndani yake. Hapa maadhimisho yalifanya kazi ambayo maktaba ilishindwa kuifanya. Yaliokoa kitambo kifupi huku dakika nyingine zote za sehemu hiyo zikipotea.

Kilichookoa mengine ni hadhira. Watoto na vijana waliokuwa wakiweka vinasasauti mbele ya runinga zao walirekodi sauti, na leo sauti za sehemu zote zilizopotea zipo ingawa picha hazipo. Aidha, kuanzia 1973 kampuni ya Target ilichapisha hadithi hizo zikiwa riwaya fupi za bei nafuu. Terrance Dicks, aliyekuwa mhariri wa miswada ya tamthilia, aliandika zaidi ya 60. Kwa kizazi kizima cha wasomaji, kitabu ndicho kilichokuwa kumbukumbu ya kile kilichoonwa. Mtafiti anayezoea kuambiwa kwamba simulizi hupotea na maandishi hudumu, na kwamba picha ya kamera hudumu kuliko vyote, ana jambo la kutafakari hapa. Katika kisa hiki kilichopotea ni picha, na kilichobaki ni sauti na masimulizi.

Daktari watatu, Daktari watano

The Three Doctors, iliyoanza tarehe 30 Desemba 1972, iliufungua msimu wa kumi. Ndiyo hadithi ya kwanza iliyowakutanisha Daktari na nafsi zake zilizopita: Hartnell, Troughton, na Jon Pertwee aliyekuwa akiigiza wakati huo. Msuko wake unastahili kuangaliwa kwa makini kuliko unavyoangaliwa kwa kawaida. Adui ni Omega, mhandisi wa kale aliyewapa Mabwana wa Wakati nguvu ya kusafiri katika wakati, kisha akanaswa katika ulimwengu mwingine huku wao wakimtukuza kwa maneno tu. Malalamiko yake ni kwamba aliachwa. Anapovua kinyago chake, chini yake hamna uso. Mwili uliliwa zamani, na kilichobaki ni utashi peke yake. Kwa maneno mengine, tamthilia ilipotimiza miaka kumi ilitunga hadithi ya mwasisi aliyesahauliwa na warithi wake, wakati uleule ambapo taasisi iliyoimiliki ilikuwa ikizifuta kanda za mwanzo. Hakuna ushahidi kwamba waandishi wake, Bob Baker na Dave Martin, walikusudia tashbihi hiyo. Lakini matini hujua mambo ambayo mwandishi hayajui.

Hartnell mwenyewe alikuwa mgonjwa kiasi cha kutoweza kusimama na wenzake. Alirekodiwa peke yake, ameketi, akisoma maneno yaliyoandikwa kwenye vibao, na katika hadithi anaonekana tu kama uso ndani ya kioo cha chombo. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake ya mwisho ya uigizaji. Alifariki mwezi Aprili 1975.

Miaka ishirini ilipotimia, hadithi iliitwa The Five Doctors, nayo ilionyeshwa Marekani tarehe 23 Novemba 1983, siku mbili kabla ya kuonyeshwa Uingereza. Watano hao hawakupatikana kwa urahisi. Nafasi ya Hartnell ilishikwa na mwigizaji mwingine, Richard Hurndall, ingawa hadithi inafunguliwa kwa kipande cha Hartnell mwenyewe kilichotolewa katika hadithi ya mwaka 1964. Tom Baker, Daktari wa nne, alikataa kushiriki, na badala yake vikatumiwa vipande vya hadithi iitwayo Shada, ambayo mgomo wa wafanyakazi ulikuwa umeikatiza mwaka 1979. Katika picha ya pamoja ya waigizaji, Baker aliwakilishwa na sanamu yake ya nta kutoka jumba la Madame Tussauds. Dicks, aliyeandika hadithi hiyo, alijua kushona viraka. Msuko unahusu kiongozi wa Mabwana wa Wakati anayetamani kuishi milele. Anapewa alichokiomba, na uzima huo wa milele unakuwa kugeuzwa uso wa jiwe kwenye kaburi la mwasisi. Tamthilia iliyokuwa ikisherehekea kutokufa kwake ilimwonyesha mtazamaji ubaya wa kutokufa. Hapo hapana sifa za kujipigia kifua, na pengine ndiyo sababu hadithi hii, pamoja na viraka vyake vyote, haijachuja.

Mwaka 1988

Hadithi rasmi ya miaka 25 ni Silver Nemesis, iliyoanza tarehe 23 Novemba 1988. Ina maadui wa rangi ya fedha ili kulingana na jubilei ya fedha, na mengi zaidi ya kuisifia hayapo. Maadhimisho halisi ya mwaka huo yalikuwa yamekwisha kufanyika Oktoba kupitia Remembrance of the Daleks, iliyoandikwa na Ben Aaronovitch, ambamo Daktari wa saba anarudi London ya Novemba 1963, katika shule ileile na uwanja uleule wa vyuma chakavu vilivyoonekana katika sehemu ya kwanza kabisa.

Alichokikuta huko hakikuonekana katika ile sehemu ya kwanza. Msichana anayesafiri naye, Ace, anakaa katika nyumba ya wageni ya mama mwema, halafu anaona dirishani bango linalosema kwamba watu weusi hawapokelewi. Mabango ya aina hiyo yalikuwa ya kawaida katika miji ya Uingereza ya wakati huo, na sheria ya nchi haikuyakataza katika suala la makazi hadi 1968. Katika onyesho jingine, usiku wa manane, Daktari anaketi mkahawani akizungumza na mhudumu mweusi, aliyeigizwa na Joseph Marcell, kuhusu sukari. Mazungumzo yanatoka kwenye kikombe cha chai hadi kwenye mashamba ya miwa na biashara ya watumwa. Wakati huohuo makundi mawili ya Dalek yanauana barabarani kwa sababu ya usafi wa damu.

Onyesho la mkahawani ni fupi, na lisingepungukiwa na chochote kama msuko ndio pekee uliohitaji kuhudumiwa. Lakini ndilo linaloibua suala zito. Mwaka 1963, himaya ilipokuwa ikikunjwa na bendera kushushwa Nairobi na kwingineko, tamthilia ya kusafiri kokote ulimwenguni haikuyaona yaliyokuwa mtaani kwake. Aaronovitch hakuifuta London ile ya mwanzo. Aliirudia na kuonyesha kilichokuwa nje ya fremu. Kwa istilahi za uhakiki, huu ni mwingilianomatini unaoisaili matini ya kwanza badala ya kuinukuu kwa heshima, na kwa vigezo hivyo ndiyo hadithi bora kati ya zote zinazojadiliwa hapa. Mwaka uliofuata tamthilia ilisimamishwa. Sehemu yake ya mwisho ilionyeshwa tarehe 6 Desemba 1989.

Ya miaka 30 na 40 yanaweza kuelezwa kwa ufupi. Mwaka 1993 hadithi kubwa iliyopangwa ilivunjika kabla ya kurekodiwa, na badala yake kukatolewa vipande viwili vya mchezo wa kuchangisha fedha za watoto, Dimensions in Time, ambamo Daktari kadhaa walikimbizana na wahusika wa EastEnders. Mwaka 2003 mtandao wa BBC ulitoa hadithi ya katuni, Scream of the Shalka, yenye Daktari wa tisa aliyeigizwa na Richard E. Grant. Kabla haijatoka, BBC ilikuwa imekwisha kutangaza, mwezi Septemba, kwamba tamthilia ingerudi runingani. Iliporudi mwaka 2005, Daktari wa tisa alikuwa Christopher Eccleston, na yule wa Grant akawa kama hakuwahi kuwapo.

Mwaka 2013 na baadaye

The Day of the Doctor, iliyoandikwa na Steven Moffat, ilionyeshwa kwa wakati mmoja katika nchi 94 tarehe 23 Novemba 2013, na Uingereza peke yake ikatazamwa na watu wapatao milioni 12.8. Tangu 2005 Daktari alikuwa amechorwa kama mtu aliyeiteketeza sayari yake ili kukomesha vita, na hatia hiyo ndiyo iliyokuwa uti wa mgongo wa uhusika wake. Moffat alimrudisha kwenye siku ile, pamoja na nafsi ambayo Daktari alikuwa ameificha, iliyoigizwa na John Hurt, akamruhusu achague njia nyingine. Nafsi zote za Daktari zinakuja kuiokoa Gallifrey, zile za waigizaji waliofariki zikiletwa kwa vipande vya zamani. Ila nafsi zilizotangulia hazitakumbuka kwamba ziliiokoa.

Hila hiyo ni ya kisanaa kweli. Lakini hatia ikishafutwa, miaka minane ya majuto inabaki kuwa majuto ya kosa ambalo halikutendwa, na mtazamaji ana haki ya kuuliza kama alidhulumiwa. Kinyume chake, Tom Baker, aliyekataa mwaka 1983, alijitokeza mwishoni akiwa na miaka 79, mtunzaji mzee wa jumba la sanaa, na ujio wake una uzito ambao hila za msuko haziwezi kuutengeneza. Hapo historia ya waigizaji ilisema zaidi ya historia ya wahusika.

Mwezi mmoja kabla ya onyesho hilo, Oktoba 2013, ilitangazwa kwamba mtafutaji wa kanda, Philip Morris, alikuwa amepata sehemu 9 za mwaka 1967 na 1968 katika kituo cha runinga mjini Jos, Nigeria. BBC iliziuzia nchi nyingi za Afrika nakala za filamu. Zikishaonyeshwa, zilipaswa kurejeshwa, kuharibiwa au kupelekwa katika nchi ya mnunuzi mwingine. Hizi hazikwenda popote. Zilikaa katika makopo yake kwenye rafu, na kwa hivyo hadithi mbili za Troughton, The Enemy of the World na The Web of Fear, zikarudi, ya kwanza ikiwa kamili na ya pili ikiwa na pengo la sehemu moja. Katika mwaka wa jubilei ya dhahabu, kilichokuwa kimeteketezwa London kilitoka Jos.

Maadhimisho ya miaka 60 yalikuwa na hadithi tatu kati ya tarehe 25 Novemba na 9 Desemba 2023. Katika ya mwisho, The Giggle, Daktari hafi ili apokewe na mwingine kama ilivyokuwa tangu 1966. Anagawanyika, wa zamani akabaki na mpya akasimama kando yake. Huyo mpya aliigizwa na Ncuti Gatwa, aliyezaliwa Rwanda mwaka 1992 na kulelewa Uskoti baada ya familia yake kuyakimbia mauaji ya kimbari, naye aliendelea na uhusika huo hadi Mei 2025. Katika tamthilia iliyowahi kuonyesha bango la dirishani la mwaka 1963, nafasi ile ilikuwa imefunguka kwa namna ambayo mama wa nyumba ya wageni asingeiwaza.

Mwanzoni mwa Novemba 2023, BBC iliweka zaidi ya sehemu 800 za tamthilia hii kwenye huduma yake ya intaneti, na tarehe 23 yenyewe ikaonyesha hadithi ya kwanza ya Dalek ikiwa imefupishwa na kutiwa rangi. Karibu kila kilichosalia kilikuwamo. Haki za mswada wa An Unearthly Child, hata hivyo, ziko mikononi mwa warithi wa Coburn, na makubaliano hayakupatikana. Mtazamaji aliyetaka kuanzia mwanzo siku ile alianzia hadithi ya pili.